Moyo Usiovumilia "Hichi"

Jumatatu, 4 Machi

Niwie radhi, shajara. Miezi minane nimekuacha chini ya kamusi, bila hata koma moja. Nimerudi kwa amri ya daktari.

Kisa ni hiki. Wiki iliyopita, kazini kwangu katika kiwanda cha uchapaji, nikisahihisha prufu za kitabu, moyo wangu uliruka pigo. Ukasita. Kisha ukarudi kwa kishindo, kama mtu aliyekosa ngazi. Mkuu wa kiwanda akanirudisha nyumbani. Kiti changu cha miaka ishirini na sita sasa kinakaliwa na msaidizi wangu, ninayemwita Bwana Huwaga, kwa kuwa hamalizi sentensi bila neno hilo. Kalamu nyekundu iko mkononi mwake! Nami sirudi bila barua ya daktari.

Daktari ni binti wa umri wa kitinda mimba wangu. Ameniamkia kwa adabu, kisha akanibandika nyaya tano kifuani na kunifunga kikasha kiunoni. Kitarekodi kila pigo kwa siku tatu. Amenieleza kwamba mapigo huweza kuyumba kwa ugonjwa wa moyo wenyewe, na pia kwa wasiwasi, hasira au usingizi haba. Nikihisi mruko, nibonyeze kitufe, niandike saa na nilichokuwa nikifanya. Kikasha kikionyesha utulivu, atatia saini.

Kitauona utulivu! Hata kama sina.

Jumanne, 5 Machi

Saa tatu asubuhi. Mruko. Shemeji, mdogo wa kiume wa mke wangu tunayeishi naye, ametangaza mezani kwamba mayai "imeoza".

Saa nne na robo. Mruko. Shemeji ameuliza kama kikombe "hichi" ni changu. Hichi! Nimemsahihisha. Akauliza, kwa upole kabisa, kama hichi akiite hiki, basi hiki akiite nini. Miruko mitatu mfululizo.

Saa saba. Mtangazaji wa redio amesema "masaa mawili". Kitufe. Nimezima redio. Mke wangu ameiwasha.

Nimegundua jambo asilolijua daktari. Moyo wangu hauumwi. Unasahihisha.

Dawa ni moja: nisisikie. Mchana nimejaza pamba masikioni. Ufanisi mtupu! Saa mbili nzima bila mruko. Lakini sikusikia mlango ukigongwa, wala birika likilia jikoni mpaka likakauka na kuungua. Mke wangu amenichomoa pamba kwa mikono yake, akiuliza kwa sauti ya kufika mtaa wa pili kama ameolewa na mume au na ukuta.

Mruko. Ajabu ni kwamba sarufi yake haikuwa na dosari.

Jumatano, 6 Machi

Mpango mpya. Nimeazima moyo.

Shemeji hana wasiwasi duniani. Akishakula huanguka kwenye kochi kama gunia. Nimemwomba avae nyaya zangu wakati amelala. Akasema nimbandike hata waya kumi, mradi nisimwamshe. Saa tatu za utulivu safi! Nilikaa pembeni nikisikiliza anavyokoroma. Ndiyo mara ya kwanza nimemsikiliza kwa muda mrefu bila kupata kosa.

Nilipomaliza tu kujibandika nyaya upya, Bwana Huwaga akabisha hodi. Amekuja kunijulia hali, eti. Mkononi alikuwa na kitabu kipya kilichotoka mitamboni. Ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza: "kwasababu". Neno moja! Limeshikana kama mapacha tumboni! Akaniambia mzee nipumzike tu, wao huwaga wanamudu.

Nimebonyeza kitufe mpaka kidole gumba kimekufa ganzi.

Ijumaa, 8 Machi

Jana sikuandika. Shajara ilikuwa kwa daktari.

Nilipokwenda kurudisha kikasha, muuguzi wa mapokezi aliomba na maandishi. Nikampa daftari hili, baada ya kurekebisha koma mbili za Jumanne. Nilikuwa nimeshafika barabarani nilipokumbuka kilichoandikwa Jumatano. Miruko sita, na kitufe sina tena!

Leo nimeitwa. Daktari amesoma yote. Alicheka mpaka akavua miwani. Kasema kikasha kimerekodi, Jumatano mchana, moyo mzuri wa kijana aliyelala fofofo, na nimpelekee shemeji pongezi zake. Wangu una mapigo ya ziada. Vipimo vingine havijaonyesha hatari, ila karibu kila mruko umekuja pamoja na hasira. Kasema makosa ya watu hayaniumizi. Ninajiumiza mimi kwa kuyabeba. Basi hadi Jumatatu nisimsahihishe mtu. Ataniletea barua, nikiipeleka kazini kama ilivyo, kiti ni changu.

Nimeahidi, mkono kifuani.

Jumatatu, 11 Machi

Siku tatu, sijasahihisha kiumbe! Shemeji amesema "hichi" mara kumi na moja (nilihesabu tu). Nimetabasamu mpaka mke wangu akanishika paji la uso kuangalia kama nina homa. Miruko miwili tu. Kwa kweli nimekuwa mtu mpya.

Asubuhi hii barua imefika. Nainakili:

"Barua hichi ni ya kuthibitisha kuwa mgonjwa huwaga mtulivu. Arudi kazini baada ya masaa ishirini na nne, kwasababu moyo yake iko sawa."

Nikaketi. Makosa sita! Daktari wa chuo kikuu! Mtu mwenye dhamiri hawezi kupeleka karatasi kama hiyo mahali popote. Shemeji, aliyekuwa akichungulia begani kwangu, akanisihi niikunje tu niende nayo. Namsamehe, hajui ngeli.

Nimeisahihisha kwa wino mwekundu, nikaambatisha ukurasa mmoja wa maelezo, nikairudisha kliniki mwenyewe. Muuguzi alipoiona akawaita wenzake, wakacheka hadi machozi. Akasema daktari alikuwa akiisubiri tangu asubuhi, na sasa itabidi aamue upya kuhusu kazi yangu.

Nimefarijika sana. Kijana anayesubiri kwa hamu kusahihishwa atafika mbali.

Akishaamua, nitaandika.