Siku Kioo cha Nyuma Kiliposhuka Konyo Konyo

Sogeeni, enyi mnaosukuma magari yasiyo yenu, nanyi mnaouza petroli kwa chupa za maji kando ya barabara za Juba. Zimeni jenereta zenu kidogo mnisikilize. Wengine watawasimulia vita na wafalme. Mimi nimekuja na jambo zito zaidi, namna Ronald mwana wa Kitale, dereva kwa miaka kumi na mmoja, mshika usukani asiyetetereka, mshinda mashimo, alivyoshusha kioo cha gari. Nawe vumbi jekundu, uliyeshuhudia yote na kuingia kote, nikopeshe pumzi, maana habari ni ndefu na koo langu ni la binadamu tu.

Ikawa Jumamosi moja ya kiangazi, bwana Majak, mkurugenzi wa benki, amesimama uani pake Buluk kando ya gari lake jipya. Lilikuwa saluni nyeusi ya kifahari, mnywaji wa dizeli, lililovuka bahari hadi Mombasa, likapandishwa lori hadi mpakani Nimule, likaingia mjini na adabu zote za Ulaya, yaani halikujua lolote. Vioo vyake vilikuwa vyeusi. Viti vilikuwa vya ngozi nyeupe kama maziwa, rangi ambayo mtu huichagulia Juba ikiwa hajawahi kufika.

"Ronald, sikiza vizuri," akanena Majak, ufunguo juu mkononi, kwa sauti ya jemadari anayekabidhi ngome. "Utampeleka mama huko mtaa wa Gudele kwa mkutano wa kanisa, halafu umrudishe. Moja kwa moja. Madirisha ya nyuma nimeyafunga na hii swichi hapa kwa mlango wako. Usiiguse. Nikipata vumbi kwa hivyo viti, hata kidogo, Jumatatu dereva mwenzako Eriya ndiye ataendesha hii gari, na wewe unarudi kwa pikapu ya kubeba dizeli ya jenereta. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, bosi," akajibu shujaa, na hotuba hiyo itakumbukwa.

Sasa jueni kilichokuwa hatarini. Jioni iliyotangulia Ronald alikuwa ameliegemea gari hilo, akapigwa picha, akamtumia mkewe Virginia huko Kitale na maneno haya: "Gari yangu mpya ya kazi." Virginia, mke mwenye fahari, alikwisha kuionyesha kwa akina mama wote wa kanisa, na mchungaji akaiombea. Kurudi kwenye pikapu baada ya maombi hayo kungekuwa aibu ya kuvuka mipaka.

Basi shujaa akafungua mlango wa kulia kwa madaha, akaketi, akanyoosha mikono kuukamata usukani, akakamata hewa. Miaka kumi na mmoja alikuwa ameendesha pikapu iliyotoka Kenya, usukani wake kulia. Hili lilikuwa na usukani kushoto, kama ifaavyo nchi ambayo magari hupita upande wa kulia. Nyuma yake aliketi Mama Nyandeng, mama mzazi wa Majak, mjane mrefu mwenye kitambaa cha kijani, ambaye baada ya kurudi kutoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma aliuza samaki wakavu sokoni Konyo Konyo miaka tisa, mpaka mwanawe alipopata cheo na kumwamuru apumzike.

"Dereva," akauliza Mama Nyandeng, "hii gari inaenda yenyewe?"

"Nilikuwa naangalia kiti, mama." Akashuka, akalizunguka gari polepole kama mkaguzi wa magurudumu, akaingia kunakostahili.

Pikapu yake nayo ilikuwa ya dizeli, na dizeli aliyoizoea ilitikisa meno ya dereva na kuamsha mtaa. Akabonyeza kitufe, akangoja ngurumo. Kimya. Akabonyeza tena, akazima alichokuwa amekiwasha. Mara ya tatu akaona taa ya buluu na mishale ikicheza, akaamini bila kusikia, akagusa mafuta kwa ncha ya kiatu, na gari likaruka kwa nguvu iliyombandika kitini. Alitaka kuashiria kona, akawasha waipa, na kiangazi chote kikapanguswa. Gari likalia kwa ajili ya mbuzi. Likalia kwa bodaboda ya kulia na kwa bodaboda ya kushoto, kisha likamwonya kwamba amevuka mstari wa barabara, mstari ambao hakuna mkazi wa Buluk aliyewahi kuuona. Mara kiti, bila kuombwa na mtu, kikaanza kumkanda mgongo.

Na hapa lazima niseme kweli, ingawa si desturi yangu: alilipenda. Mashimo yaliyomvunja kiuno miaka kumi na mmoja yalipita chini yake bila hata kubisha hodi. Ubaridi ulimpuliza usoni, mgongo ukakandwa, na Ronald akajiona amezaliwa kwa ajili ya ngozi nyeupe.

"Dereva," akasema Mama Nyandeng, "pitia Konyo Konyo."

"Mama, bosi alisema moja kwa moja Gudele."

"Bosi nimemzaa mimi. Pitia."

Hakuna wakili katika Juba yote ambaye angeijibu hoja hiyo. Shujaa akageuza.

Walipoingia barabara ya soko, Mama Nyandeng akasogea mpaka paji la uso likagusa kioo. Pale pale, hatua mbili kutoka barabarani, nyuma ya lundo la samaki, ameketi Kiden, mwanamke mfupi wa sauti kubwa, aliyegawana naye gunia moja la kukalia kwa miaka tisa yote. Mama Nyandeng akapiga kioo kwa kiganja. Akabonyeza kitufe cha mlango wake, kikakataa. Akaita, "Kiden! Kiden!" Lakini gari lile, kwa fahari ya mafundi waliolitengeneza, halikutoa nje hata chembe ya sauti. Kiden akainua macho, akajiona kwenye kioo cheusi, akakitumia kurekebisha kitambaa chake cha kichwa.

Mkokoteni wa vitunguu ukakatiza mbele. Ronald akakanyaga breki, na gari, kama lilivyofunzwa huko kwao kuweka akiba ya mafuta kila linaposimama, likajizima lenyewe. Sasa, Ulaya gari likinyamaza huitwa busara. Juba gari likinyamaza katikati ya njia limekufa, na sheria ni moja.

"Imekufa!" akapaza sauti Tombe, mwendesha bodaboda. "Sukumeni! Masikini, sukumeni!"

Jeshi likajitokeza: wachukuzi, wauza sukari, watu wawili waliokuwa wakigombana. Ronald naye, ambaye hakuwa ameambiwa lolote kuhusu gari linalojizima, aliamini ameliua, na jasho likamshuka ndani ya ubaridi wote ule. Hata Kiden aliacha samaki wake, akaja kuweka mikono kwenye mlango wa nyuma, kwa kumhurumia tajiri asiyemjua, shibiri moja kutoka uso wa Mama Nyandeng. Kwa hofu Ronald akauondoa mguu kwenye breki. Injini ikaamka. Soko likalipuka kwa vigelegele, Tombe akainua mikono yake miwili kupokea utukufu, na Kiden akapangusa viganja, akageuka arudi kwenye lundo lake.

Ronald akatazama kioo cha kati. Mama Nyandeng alikuwa ameacha kubisha. Mikono ameiweka mapajani.

"Twende tu," akasema taratibu. "Hawanioni."

Ewe vumbi, nishike! Swichi ile ilikuwa pale mlangoni, ndogo kama punje ya hindi. Ronald akamfikiria Eriya. Akaifikiria picha, na akina mama wa Kitale, na mchungaji. Akakifikiria pia kile kiti kinachokanda, na moyo ukamuuma kweli kweli. Kisha shujaa akanyoosha kidole cha shahada, kidole kilichowahi kubonyeza honi mbele ya malori ya Nimule bila kusita, akabonyeza. Kioo cha nyuma kikashuka chote.

Juba ikaingia kwa pamoja: vumbi, moshi, mlio wa kinu cha unga, harufu ya samaki.

"Kiden!"

Kiden akageuka. Akakaza macho. "Nani huyo? Mama Majak? Ni wewe iko ndani? Mimi nasukuma gari, na wewe iko ndani?"

"Na umesukuma vibaya!" akajibu Mama Nyandeng, huku machozi yanamshuka. "Ile nguvu ya kunivutia gunia iliisha?"

"Miaka tisa ulikuwa unavuta gunia, unaacha mimi kwa mchanga! Sasa umepata kiti mzuri, unapita tu?"

"Napiga kioo mpaka mkono inauma! Wewe unajitengeneza kichwa!"

Walishikana mikono dirishani wakacheka mpaka honi za nyuma zikachoka. Ndipo Kiden akachukua samaki wakubwa watatu, akawafunga kwenye gazeti lisilotosha, akawatupia juu ya ngozi nyeupe. "Chukua. Huko kwa watu wakubwa hakuna samaki mzuri."

"Dereva," akasema Mama Nyandeng, "sasa rudi nyumbani."

"Na Gudele, mama?"

"Gudele nilikuwa nataka nini?"

Majak aliwapokea uani. Akapitisha kidole kwenye kiti, kikatoka chekundu. Akaokota gamba la samaki, akaliinua juani. "Ronald. Hii ni nini?"

Shujaa akatafuta hotuba katika hazina yake yote, akapata, "Bosi..."

"Uliza mimi," akasema Mama Nyandeng, akishuka na samaki mmoja mkononi. "Majak, wewe ulisoma kwa pesa ya nini?"

"Mama, si hiyo ndiyo naongea..."

"Ulisoma kwa pesa ya nini?"

Mkurugenzi akatazama viatu vyake. "Kwa samaki, mama."

"Basi. Leo samaki imepanda gari yake. Dereva wangu ni huyu, na hiyo dirisha, khalas, imeisha, usifunge tena."

Jumatatu asubuhi Majak akaingia kiti cha nyuma na suti yake ya kijivu. Ngozi ilikuwa imeoshwa mara tatu kwa sabuni tatu. Hawajafika hata kona ya kwanza, akatoa leso, akaziba pua.

"Ronald. Fungua madirisha."

"Yote, bosi?"

"Yote."

Na iandikwe katika tarehe za Juba, enyi wenye kalamu, kwamba vioo vinne vilishuka kwa amri ya yule yule aliyekuwa amefunga vya nyuma. Na Ronald mwana wa Kitale, mshusha vioo, akapita Konyo Konyo taratibu, ingawa si njia ya benki, na Kiden akainuka kwenye gunia lake akampungia mkono mkurugenzi. Mkurugenzi akashusha leso, naye akapunga.