Tamasha Lilifana, Nyinyi Ndio Hamkuwepo

(Hotuba ya Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Tamasha la Sanaa la Mtaa, aliyoitoa katika ukumbi wa jamii siku ambayo wananchi waliitaka Bodi ije ijieleze. Imeandikwa kama ilivyosikika.)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ametuma salamu. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye naye ametuma salamu. Mheshimiwa Dereva wa Mwakilishi, ambaye amefika, na ambaye namwomba asogee mbele akalie kiti cha Mgeni Rasmi maana kikibaki wazi kinaonekana vibaya kwenye picha. Waheshimiwa wajumbe wa Bodi mlioketi hapa meza kuu, kila mmoja na chupa yake ya maji. Shemeji yangu, ambaye pia ni Katibu wa Bodi, cheo alichokipata baada ya ushindani mkali kati yake na yeye mwenyewe. Viongozi wastaafu, viongozi watarajiwa, na viongozi mliojaribu mkaangushwa. Wazee wa mtaa. Wadau wa sanaa za kuonekana, za kusikika na za kukisiwa. Waandishi wa habari, nyote wawili. Na wewe Shangazi yangu, dada wa baba yangu mzazi, kiongozi wa kundi la kina mama waimbaji, ambaye naona umekaa mstari wa mbele na umeshika kiuno hata ukiwa umekaa, jambo ambalo sikujua kama linawezekana. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi ya meza kuu. Mjumbe mmoja anashtuka usingizini, naye anapiga.)

Ndugu wananchi, nimesimama mbele yenu kwa neno moja tu, na neno hilo ni uwajibikaji, neno ambalo nimelifanyia mazoezi mbele ya kioo juma zima mpaka mke wangu akaniuliza kama ni jina la mwanamke. (Kicheko.) Nikamwambia hapana, mke wangu, hiki ni kitu ambacho bodi ya sanaa inatakiwa iwe nacho kwa umma, na kwa kuwa tamasha ni la umma, na umma umekabidhi tamasha kwa Bodi, basi kistrateji, ukiangalia kwa makini na ukiwa umekula vizuri, utaona kwamba Bodi inawajibika kwa Bodi. (Minong'ono.) Msinong'one, nafafanua. Kwa msingi huo tuliunda Kamati Ndogo ya Kuichunguza Bodi, na tulipotafuta mtu anayeijua Bodi nje ndani ili aiongoze, macho yote yakanielekea mimi, yakiwemo ya kwangu. Basi nilijiita. Nikajihoji. Nilijibana kwelikweli, kuna swali moja lilinitoa jasho nikaomba niahirishe, nikajikatalia, nikaendelea kujibana bila huruma wala kujuana, na mwishowe nikajikuta sina kosa, nikajipa mkono wa pongezi. (Makofi ya Shemeji peke yake.) Asante, Katibu.

Sasa nije kwenye Tamasha lenyewe, ambalo ndilo mlilotaka taarifa yake. Ndugu wananchi, Tamasha lilifana.

(Kinyozi wa mtaa, ambaye siku za mapumziko ni mchekeshaji, anauliza kutoka mlangoni: "Lilifana lini, Mheshimiwa?")

Lilifana katika kipindi husika.

("Wapi?")

Katika eneo husika.

("Na walihudhuria kina nani?")

Wahusika. (Kicheko kirefu. Hata Dereva anacheka, kisha anakumbuka kiti alichokalia.) Ndugu kinyozi, wewe ni mtu wa mashine na wembe, ukikosea unasema ni mtindo, mimi sina nafasi hiyo, mimi nikisema tamasha lilifana ni kwa sababu tumepima impakti yake kitaalamu. Mnasema hamkusikia hata ngoma moja. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na sisi ndiyo bodi ya kwanza kuuweka msemo huo katika utekelezaji! Hili lilikuwa tamasha la kisasa, tulivu, rafiki wa mazingira. Matamasha ya wenzetu yanaacha chupa na makaratasi kila kona. Letu limeacha uwanja vilevile ulivyokuwa, nyasi zimesimama hazikukanyagwa hata na unyayo mmoja. Hakuna mtoto aliyepotea. Hakuna aliyeibiwa simu. Hakuna msanii aliyesahau maneno ya wimbo wake. Kiwango cha kuridhika kwa watazamaji kilifika asilimia mia moja na kumi na nne, na msiniulize hizo kumi na nne zimetoka wapi, hizo ni za watu walioridhika zaidi ya uwezo wao. (Kinyozi: "Mheshimiwa, njoo tuigize pamoja, mimi peke yangu nitakufa njaa!" Ukumbi unavunjika mbavu.)

Naomba utulivu. Naomba... Shangazi, maswali ni mwishoni. Shangazi, nakuomba ukae, nipo kwenye ukurasa wa pili tu. Shangazi, hapa mimi si mtoto wa kaka yako, hapa mimi ni taasisi.

(Shangazi amekwisha kusimama. "Taasisi nimeibeba mgongoni ikinikojolea," anasema. "Acha nami niseme.")

(Vifijo.)

Basi, kwa kuzingatia misingi ya utawala bora, na kwa kuwa amekwisha kusimama, namruhusu Shangazi kwa dakika moja.

("Sihitaji hata hiyo," anasema Shangazi, na anawageukia watu. "Jamani, huyu alikuja kwangu na tai yake, akala, akashiba, akasema, Shangazi, mwaka huu kina mama ndio mtafungua tamasha. Tukaondoa makochi sebuleni kwangu tukafanya mazoezi. Muuza mboga alifunga genge lake. Mshonaji akatushonea magauni ya rangi moja, kitambaa tukachangishana wenyewe. Na huyu bibi hapa, mwenye fimbo, mnamwona? Alikataa kuimba amekaa. Alisema kama ni tamasha basi naye ataruka, akajifunza kuruka, magoti yale yale mnayoyajua. Siku ikafika. Tukatoka na magauni yetu, mtaa mzima unatupungia. Tumefika uwanjani, tumekuta mbuzi wawili na kibao kimeandikwa Karibuni.")

(Mwenyekiti anakunywa maji. Anakunywa tena, chupa imeisha, anakunywa hivyo hivyo.)

Shangazi... nadhani pale palitokea changamoto ya mawasiliano. Ungenipigia simu.

("Nilikupigia. Ukaniambia hunisikii vizuri, uko tamashani, muziki ni mkubwa!")

(Ukumbi unalipuka. Watu wanapiga viti. Kinyozi amekaa chini kabisa, ameshika tumbo, anaomba aachwe afe kwa amani.)

Ndugu wananchi. Ndugu wananchi! Hilo lina maelezo. Redio ya nyumbani ilikuwa imewashwa, na katika mazingira ya kidijitali mtu anaweza kuhudhuria akiwa popote. Wale mbuzi nao wasibezwe, kwani sera yetu ni shirikishi na haibagui. Nakiri kwamba wapo waliofika mapema kuliko tamasha, na kwa niaba ya Bodi nawapongeza kwa kujali muda. Na wewe bibi mwenye fimbo... (anamtazama, anapoteza mstari kwenye karatasi, anautafuta) ...wewe bibi, hilo la kuruka sikuambiwa. Kweli sikuambiwa. (Bibi: "Sasa umeambiwa.") Nimeambiwa. Naagiza Katibu aliandike. Katibu! Shemeji yuko wapi? (Sauti: "Amepokea simu, amepitia dirishani!") Naam, huyo ni mtendaji, hachagui njia.

Niendelee na ahadi. Mwakani, ndugu zangu, kwa kufuata rodimapu yetu, yaani ramani ya safari, ya awamu saba, tutakuwa na majukwaa matatu: jukwaa la wasanii wakubwa, jukwaa la wasanii wadogo, na jukwaa la wasanii wa wastani ambao wamekuwa wakisahaulika kwa muda mrefu. Tutakuwa na hema lenye kiyoyozi, na Bodi itasafiri nje kwenda kujifunza namna ya kulikunja. (Sauti: "Ahadi ni deni!") Hasa! Ndiyo maana ahadi zetu tunazitoa nyingi kwa wakati mmoja, ili mwenye kudai asijue aanze na ipi.

(Shangazi amepanda kwenye kiti, kina mama wawili wamemshika. "Jamani, tusipoteze siku," anasema. "Aliyeona tamasha hili, hata kwa mbali, hata kwa darubini, anyooshe mkono." Hakuna mkono hata mmoja. Mjumbe mmoja wa meza kuu anaanza kunyoosha, anatazama kushoto na kulia, anajikuna sikio.)

Naona hakuna pingamizi. Nashukuru.

("Anayetaka Bodi hii iondoke, ichaguliwe nyingine hapa hapa, na wasanii wenyewe wawemo, na kila mwaka ije isimame mbele yetu kama huyu alivyosimama leo, anyooshe mkono!" Mikono inapanda ukumbi mzima. Dereva ananyoosha yote miwili.)

Naona mikono. Mikono mingi sana. Ndugu wananchi, mnanipungia, nami nawapungia. (Anapunga.) Katika maisha yangu ya utumishi sijawahi kuona mapokezi ya... (Kinyozi: "Tumekutoa, Mheshimiwa!") Mmenitoa wapi? ("Kwenye uenyekiti!") Kwa mkono tu? Bila kikao cha maandalizi? Bila semina? (Kicheko.) Kumbe ni rahisi namna hii! Na mimi nilikuwa silali.

Sawa. Nalipokea. Na kwa kuwa mwaka huu tuliahidi kuwawajibisha viongozi, na kiongozi amewajibishwa mchana kweupe mbele ya waandishi wa habari wote wawili, natangaza kwamba hilo lengo limefikiwa, tena mapema, na naomba liandikwe kwenye mafanikio ya kipindi changu. (Makofi, ya kweli safari hii.) Msishangae, hata mimi nimeyasikia tofauti.

Lakini jamani, hiyo meza mnaipeleka wapi? Naona vijana wa kunyanyua vyuma wameinyanyua meza kuu, wajumbe wameshika chupa zao wamebaki kwenye viti kama watu wanaosubiri daktari. Shangazi, nini hiki? (Shangazi: "Tunataka nafasi. Tamasha linaanza.") Lini? ("Katika kipindi husika!" ukumbi mzima unajibu. "Hapa hapa, Mheshimiwa, katika eneo husika!") Shangazi, tamasha haliwezi kuanza hivihivi, kuna taratibu, kuna kibali, kuna utepe, na utepe haukatwi ovyo ovyo na... (Ngoma inalia nyuma ya ukumbi. Kina mama wanavua mashuka waliyojitanda. Kumbe magauni ya rangi moja wameyavaa ndani.) Mlikuja nayo? Mlikuja mkiwa mmeyavaa? (Shangazi: "Tungekuja tukusikilize wewe tu? Tuna wazimu?")

(Wimbo unaanza. Bibi mwenye fimbo anamkabidhi mwandishi wa habari fimbo yake. Anaruka. Haendi juu sana, lakini miguu yote miwili inaiacha sakafu, na ukumbi unapiga yowe kama paa limefunguka.)

Ameruka. Mmeona? Ameruka! Ndugu waandishi, andikeni kwamba ameruka! Naomba... naomba basi nimalizie hotuba, ni desturi, nitapaza sauti juu ya ngoma, msisimame kwa ajili yangu. Tumalize na kaulimbiu. Bodi hoyee! ("Shuka!") Uwajibikaji juu! ("Juu zaidi!") Sanaa kwanza! ("Hotuba mwisho!") Naam, sauti ya watu nimeisikia.

Hivyo basi, kwa heshima na taadhima, nawashukuru nyote. Namshukuru fundi mitambo, ambaye spika zake zimerudi salama kwa sababu hazikutoka stoo. Nawashukuru majirani wa uwanja kwa uvumilivu wao, ambao hatukupata nafasi ya kuutumia. Nawashukuru wafadhili waliofadhili wazo, na wazo lenyewe, ambalo hadi leo halijapata umbo. Nawashukuru wasanii wote kwa kuipokea vizuri mialiko ambayo bila shaka ningeiandika kama pangekuwa na kitu cha kuwaalikia. Na kwa namna ya pekee kabisa nawashukuru wajumbe wenzangu wa Bodi, ambao, ukimwondoa Shemeji, nilikutana nao kwa mara ya kwanza leo asubuhi pale kituoni, walipokuwa wakisubiri gari, nikawaomba waje wakae kwenye viti, wakaja. Kwa sababu bodi yenyewe, ndugu zangu, ilikuwa ni mimi na mhuri, na Shemeji wa kuupiga. Ndugu wajumbe, gari lenu nadhani limepita, ila mnaona wenyewe, mmefika mahali pazuri.

Asanteni kwa kunisikiliza. Shangazi, huko nyuma naona kayamba moja halina mtu... naomba.

("Shika," anasema Shangazi. "Ila ufuate mdundo, usituongoze.")