Nilivyomlilia Mama wa Kichina Kule Kenton

Jamani, leo sina uso wa kutokea, na chanzo ni mgongo.

Mnajua kazi yangu ya ghala huku ughaibuni, hapa Edmonton. Wiki ya tatu sasa, nikiinama kufunga kamba za viatu, mke wangu Rehema ndiye ananiinua. Leo asubuhi akanipeleka mtaa wa Kenton kwa mama mmoja wa Kichina anayetibu kwa moto. Anawasha majani makavu yaliyosokotwa kama sigara nene, anayasogeza karibu na ngozi, sehemu maalumu za mwili, joto liingie ndani.

"Usije ukapiga kelele," Rehema akaniambia.

Nikamjibu mimi nimebeba mafriji. (Moja. Na tulikuwa watatu.)

Nikavua shati, nikalala kifudifudi. Yule mama hana Kiingereza kingi. Akabonyeza kiuno, nikaguna, akatabasamu. Moshi ukapanda. Mwanzoni nikasikia harufu ya bangi, nikawaza tutakavyotazamwa kwenye basi. Halafu ikawa harufu ya magugu aliyokuwa akichoma marehemu mama shambani Lushoto, akimaliza kupalilia. Joto likatulia mgongoni kama kiganja cha mtu. Usingizi ukanichukua.

Nazinduka, nimeushika mkono wa yule mama. (Namshukuru Mungu, ule usio na moto.) Mto umelowa. Nasema kwa sauti, "Mama, nisamehe. Sikuwa na karatasi za kusafiria, ndiyo maana sikuja kukuzika. Usiondoke kwanza."

Pazia lilikuwa wazi nusu. Rehema kashika mdomo. Watu wanne kwenye foleni wananitazama.

Yule mama hakuondoka. Muda wangu ulikuwa umeisha, lakini alikaa, akanipapasa kichwa mpaka nikatulia.

Nikavaa shati (kinyume), nikijifariji kwamba angalau hakuna aliyeelewa Kiswahili. Nafika mlangoni, mzee mmoja wa Kihindi kwenye foleni akanishika mkono. Akasema, kwa Kiswahili cha Mombasa kilichonyooka kuliko changu:

"Pole, mwanangu. Mama yangu naye alizikwa Mombasa, nami niko hapa hapa, nasikiliza kwa simu."

Nikaanza kulia upya. Safari hii na yeye.

Mgongo una nafuu, asanteni. Anayetaka kucheka acheke leo amalize, maana Jumanne narudi, na Rehema ameshanipakia leso mbili.