Uso Wangu Kwenye Ukuta wa Ghala

Jumatatu, 24 Machi 2025
Kuna jambo nimelificha, na daktari wa Lindi anasema moyo wangu hauna muda mrefu. Basi niliandike. Mkutano wa kijiji haukuwahi kufanyika. Wasanii wa Dar, Getrude na Ridhiwani, waliniomba niwaulize wananchi wa Kinjumbi wanataka picha gani kwenye ukuta wa ghala la korosho. Nikawajibu kwamba wananchi wamekaa, wakamchagua mwalimu wao mstaafu, Mzee Mfaume. Yaani mimi. Sina mtoto. Nikifa, nani atajua nilipita hapa?

Wamefika leo. Wamefurahi mno kukuta jamii imejiamulia. Getrude kapiga magoti kuniamkia. Binti ana adabu.

Jumatano, 26 Machi
Nimekalishwa kitini asubuhi nzima nichorwe. Mgongo! Ridhiwani anachora macho, Getrude anachora mdomo. Wanashauriana kila mstari, wanasifiana, wanaita ushirikiano. Nimewaambia wazungushie turubai, kwa kuwa watu wa hapa wanapenda kushtukizwa. Uongo. Watu wa hapa wanapenda kuulizwa, ndiyo maana ya turubai.

Pazi, yule anayeandika majina kwenye mashua na kujiita msanii, kachungulia tunduni. Kauliza mbona pua nimepunguziwa, au rangi imewaishia? Mshenzi.

Mchana wasanii wakataka kupiga picha wananchi wakiwa wameshika brashi. Nikawaitia wapita njia. Mmoja ni mtu wa Somanga, alikuwa anasubiri bodaboda.

Ijumaa, 28 Machi
Turubai limeshushwa baada ya swala. Nilivaa kanzu mpya. Uso wangu mkubwa kuliko mlango wa ghala! Watu kimya. Nikadhani ni heshima.

Akaja Shehe Saad, kwa upole. Akanieleza kwamba uwanja ule wa kuanikia korosho ndio wanaoswalia Idi tangu mwaka jana, na ukuta ule ndio wanaouelekea. "Sasa Mwalimu, siku ya Idi tukusujudie wewe?"

Sikujua! Idi iliyopita nilikuwa nimelazwa Lindi. Mtoto yeyote wa kijiji angenieleza. Pazi akauliza kwa sauti kama kanzu nimeishona ili niongoze swala.

Nikapendekeza turubai lirudishwe kwa siku moja tu. Shehe akasema watu wameshakaa na wameamua. Wamekaa lini? Nikageuka. Walikuwa wamekaa nyuma yangu.

Jumamosi, 29 Machi
Kijiji kizima kimetoka na chokaa. Wamefunga, jua linachoma, na wametoka! Wanawake na ndoo, watoto na fagio, Pazi juu ya ngazi akitoa amri. Hata wimbo upo. Mwahija, mtoto wa dada yangu anayenipikia uji, alikuwa kwenye sikio la kushoto. Akaniita kutoka mbali: "Mjomba, usinune! Mimi napaka sikio tu!"

Getrude alilia kidogo, kisha akachukua ufagio naye akapaka. Ridhiwani kapiga picha mpaka simu ikazima. Wakati wa kuaga wakaniambia hawajawahi kuona jamii ikishiriki sanaa namna hii. Kwa kunifuta mimi!

Jumatatu, 31 Machi
Idi. Nimebebwa pamoja na kiti changu hadi uwanjani. Ukuta mweupe. Lakini chokaa ilikuwa nyepesi, na ukikaza macho unaiona pua. Nimeswali nikiitazama. Astaghfirullah.

Jumatano, 2 Aprili
Ujumbe kutoka Dar. Wasanii wanataka kurudi wachore ukuta wa pili, unaotazama barabara. Safari hii wanasisitiza: wananchi waulizwe kweli, nyumba kwa nyumba. Nimewajibu hapo hapo. Nyumba zote zimeulizwa, zote zimemtaja mwalimu.

Limebaki moja, nalo nilitoe. Si kweli kwamba sikumuuliza mtu. Kabla ya yote nilimuuliza Mwahija, akiwa anachambua dagaa barazani: ukutani achorwe nani? Akamtaja Bi Batuli mkunga. Akamtaja Pazi. Akacheka, akamtaja na beberu wa Pazi. Nikangoja. Akamaliza dagaa, akainuka, akaenda kubandika chungu.