Jedwali la Maisha ya Kawaida

Serikali, baada ya kutafakari kwa kina na kunywa chai mara mbili, ilitangaza kwamba kuanzia siku hiyo hakuna mwananchi atakayeumiza kichwa kujiuliza kama kazi aliyoipata ng'ambo inalipa au hailipi. Serikali itajiuliza kwa niaba yake.

Kwa kazi hiyo iliundwa Idara ya Hesabu za Kwenda na Kubaki, ikapewa ghorofa nzima, zulia jekundu, muhuri wa duara na Mkurugenzi. Yeyote mwenye barua ya ajira ya nje angefika hapo na kupigiwa hesabu. Ikionekana kubaki kuna faida kuliko kwenda, basi atabaki, na pasipoti yake itapumzika kwenye droo ya idara. Mkurugenzi aliyasoma hayo mbele ya waandishi wa habari bila kukohoa, na alipomaliza alianza kupiga makofi yeye mwenyewe ili kuwaonyesha wengine njia.

Alikuwa mtu mwema, tusimsingizie. Hakuwahi kumfokea mhudumu, wala kuondoka na kalamu ya ofisi bila kusaini. Ila aliamini kila kitu kilichopigwa muhuri, hasa kama muhuri kaupiga mwenyewe.

Hesabu ya kwenda haikuwa na taabu. Mshahara umeandikwa kwenye barua. Unatoa kodi, pango, nauli na koti la baridi, unaona kinachobaki. Hesabu ya kubaki ndiyo iliyohitaji utafiti. Fedha za utafiti zilikuwepo, zikatumika kwenye semina ya kujadili umuhimu wa utafiti. Kwa hiyo Mkurugenzi, kwa uzalendo wake, aliamua kuufanya mwenyewe, nyumbani kwake, Jumamosi asubuhi, akiwa na kandambili miguuni na kalamu sikioni.

Alifungua bomba la jikoni. Maji yakatoka. Akaandika kuwa maji yapo saa zote. Tangi la juu ya paa, na lori la idara lililokuwa likija kulijaza, havikuingia kwenye utafiti kwa sababu havionekani ukiwa jikoni. Akawasha taa, ikawaka. Nyuma ya ukuta jenereta ilikuwa inanguruma, lakini alikuwa akichunguza mwanga, hakuwa akichunguza kelele. Akamwuliza dereva wake kama ofisini ni mbali.

"Mbali wapi, bosi? Unapanda na kikombe chako, tunafika chai bado ya moto."

Akaandika kuwa usafiri upo, mlangoni, kila asubuhi. Kisha akamwita mkewe.

"Mama Watoto, kodi ya nyumba tunalipa kiasi gani?"

"Kodi gani?"

"Haya. Na matibabu?"

"Si huwa unasaini tu?"

"Nyanya je?"

"Nyanya huletwa."

"Na nani?"

"Na watu wenye shida zao."

Akaandika: nyanya, bure.

Kufika mchana Jedwali la Maisha ya Kawaida lilikuwa tayari. Lilionyesha kuwa mwananchi wa kawaida anakaa nyumba ya vyumba vinne yenye bustani, anapelekwa kazini kwa gari, na gharama zake za maisha hazipo. Mkurugenzi alilisoma tena, akalisaini na kulipiga muhuri. Hakujua kama nchi imefika mbali kiasi hicho.

Mwombaji wa kwanza alikuwa nesi wa wodi ya wazazi. Alikuja moja kwa moja kutoka zamu ya usiku, na viatu vyake vya mpira, ameshika barua ya hospitali ya ng'ambo iliyotaka jibu kabla ya wiki kwisha. Mezani walikaa Mkurugenzi na mchumi wa idara, bwana mwembamba ambaye wenzake walimwita Desimali kwa sababu hakuwahi kutoa namba nzima.

"Karibu, mama," alisema Mkurugenzi. "Usiogope, hapa hatuchomi sindano." Akacheka, na Desimali akacheka kama robo hivi.

"Asante, mheshimiwa. Mimi sikuja kubishana. Hesabu nimezipiga mpaka zimenichosha. Nikienda, nikivumilia miaka michache, namaliza nyumba ya mama na binti yangu anasoma bila kufukuzwa ada. Lakini huyo binti yuko darasa la kwanza. Nikirudi ataniita shangazi."

"Na ukibaki?"

"Nikibaki tuna chumba kimoja, tunalala watatu. Mshahara naupokea kwa mkono huu, unatokea mkono huu. Sitaki kwenda, mheshimiwa. Namwachaje mtoto? Kama kuna namna yoyote ya kubaki nikaishi kama mtu, niambieni, nibaki."

Desimali alisafisha koo. "Upweke tumeukadiria kuwa asilimia kumi na nne nukta tatu ya mshahara. Baridi, sita nukta tisa. Kukosa kutembelewa na ndugu..."

"Wale wanaokuja kwa siku mbili wakakaa mwezi? Hao niwekee upande wa faida."

Desimali alifuta, akaandika upya. Kisha Mkurugenzi akasimama, kwa sababu jedwali halikufaa kusomwa mtu akiwa amekaa, akalisoma lote kwa sauti ya kuapisha. Nesi alisikiliza mdomo wazi.

"Samahani. Hiyo nyumba yenye bustani ni ya nani?"

"Ni yako."

"Mimi nakaa uani, mheshimiwa. Choo tunatumia pamoja na fundi redio na familia yake."

"Hayo ni maoni yako, mama, na tunayaheshimu. Lakini idara inafuata takwimu."

"Na gari la kunipeleka kazini?"

"Lipo."

"Na nyanya?"

"Bure."

Nesi alivuta karatasi, akautazama muhuri kwa karibu, akaugusa kwa kidole. "Na hii serikali imesaini?"

"Nimesaini mimi," alisema Mkurugenzi, akitunisha kifua.

Basi nesi akalia, na Mkurugenzi naye macho yakamlowa. Nesi akaomba nakala, akapewa. Akatoa simu yake, na palepale akawaandikia watu wa ng'ambo kwamba anawashukuru sana, lakini serikali yake imempa zaidi. Kabla ya kutuma aliusoma ujumbe upya, maana nafasi ya namna ile haiji mara mbili. Kisha akatuma.

Jioni hiyohiyo Waziri alitangaza redioni kwamba mtaalamu wa kwanza ameokolewa. Mkurugenzi aliisikiliza taarifa mara zote iliporudiwa, na usiku alilala fofofo.

Jumatatu, mbele ya idara, lilisimama gari la mizigo. Juu yake kulikuwa na kitanda, godoro, ndoo za kutosha na mama mzee aliyekalia kiti chake mwenyewe. Nesi akapanda ngazi, binti yake mkononi akiwa na sare za shule.

"Nimefuata ufunguo, mheshimiwa."

"Ufunguo?" Mkurugenzi alitabasamu. "Hapana, mama. Hujauelewa mchakato. Sisi tunathibitisha. Utekelezaji ni wa idara nyingine."

"Ipi?"

"Haijaundwa."

"Kwa hiyo kazi nimeikataa kwa ajili ya nyumba ya idara ambayo haijaundwa?"

Desimali alianza kuhesabu vigae vya dari. Bibi, ambaye naye alikuwa amefika juu akihema, alilitazama zulia jekundu, akavua viatu, akaketi na kunyoosha miguu.

"Tutasubiri hapahapa, baba. Ni pazuri. Kajukuu, nenda kaite wenye godoro."

Hapo simu ikalia. Alikuwa Waziri. Waandishi wa habari walitaka kumpiga picha nesi akiwa ndani ya maisha yake ya kawaida, na Waziri alishawakubalia, leo alasiri.

"Mheshimiwa Waziri, kuhusu ile nyumba kuna changamoto kidogo ya..."

"Nyumba ipo au haipo? Kama haipo, basi mimi nimesema uongo redioni. Na karatasi kaisaini nani?"

"Ipo," alijibu Mkurugenzi haraka.

"Basi apewe."

Desimali aliagizwa kuitafuta mjini kote. Hakunyanyuka. Alilisoma jedwali mstari kwa mstari, akakuna shingo.

"Bosi, vyumba vinne, bustani, maji saa zote, umeme saa zote, gari mlangoni, na nyanya huletwa. Mji mzima ipo moja." Kwa mara ya kwanza katika utumishi wake alikuwa ametoa namba nzima. "Sikutaka niwe mimi wa kuisema."

Mkurugenzi alikumbuka kandambili zake, akakaa chini.

Mama Watoto aliipokea habari akiwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni. "Tuhame? Kwa mujibu wa nini?"

"Jedwali."

"Hilo jedwali ungeshindwa nini kuliandikia nyumbani kwa jirani?"

Mkurugenzi akaenda kufunga mizigo. Alasiri picha zikapigwa. Binti wa nesi alifungua bomba la jikoni, akalifunga, akalifungua tena, akicheka, mpaka bibi yake akamwambia aliache lipumzike. Dereva aliambiwa gari nalo ni la jedwali, akasema hewala, akamwuliza nesi zamu inaanza saa ngapi.

Mkurugenzi na mkewe walikwenda kujihifadhi, kwa muda tu, mpaka utaratibu upatikane, kwenye chumba pekee kilichojulikana kuwa wazi siku hiyo. Kilikuwa uani. Fundi redio aliwakaribisha vizuri na kuwaeleza foleni ya choo. Waziri alituma barua ya pongezi kwa moyo wa kujitolea, na bahasha haikuwa na kitu kingine.

Huko uani Mkurugenzi alijifunza mambo mengi ambayo semina haikuyagusa. Aliamka na ndoo, akakuta wenzake wameshaamka na zao. Sokoni alichukua nyanya, akasimama akimtazama muuzaji kwa upole, akingoja aelezwe shida yake ili amsaidie. Muuzaji alimwambia shida yake ni wateja wasiolipa. Mwisho wa mwezi mwenye nyumba alibisha hodi, na Mama Watoto akajua kodi ni kitu gani.

Ndipo rafiki yake wa zamani alipomtafutia kazi ng'ambo, ya kusimamia ghala. Mshahara haukuwa wa kujisifia, lakini Mkurugenzi aliupigia hesabu juu ya ndoo aliyoigeuza, akaurudia, na kila alipourudia kikabaki kitu. Akapanda ngazi za idara yake. Kwa kuwa mtu hawezi kujipigia hesabu mwenyewe, alimkuta Desimali amekalia kiti kikubwa.

"Kaa, bosi. Naona barua iko sawa. Lakini jedwali linasema una nyumba, bustani, gari na nyanya. Kubaki kuna faida mara tatu nukta mbili."

"Desimali, ndugu yangu. Nyumba unajua iko wapi."

"Najua. Lakini jedwali halijui." Desimali alishusha sauti. "Anayeweza kulifuta ni wewe peke yako. Unaandika tu sababu, unasaini."

"Sababu gani?"

"Kwamba si kweli. Kwamba hukuwa unajua watu wanaishije. Lakini kumbuka, ukilifuta, nyumba inarudi kwako, na yule mama na mtoto wake wanarudi uani. Na ile kazi yake ilishachukuliwa na mtu mwingine."

Mkurugenzi alishika kalamu. Aliona aibu, si ya kutazamwa na Desimali, bali ya kumrudisha yule mtoto uani. Kisha akaandika, kwa mwandiko wake mzuri, kwamba mwombaji ameridhika kubaki. Akaomba muhuri, akaugonga mwenyewe.

Aliteremka, akasimama kando ya barabara juani kungoja gari. Kwa mujibu wa jedwali, lilikuwa limeshafika.