Saba ya Saruji ya Hebroni

Jumatatu, 3 Machi 1958
Mvua. Paa la kanisa letu, Hebroni, linavujia kinanda tena. Jumuiya ya historia itatengeneza paa moja tu bondeni: la kanisa kongwe zaidi. Jiwe lililo juu ya mlango wetu linasema 1841. La Wabaptisti, ng'ambo ya kijito, 1806. Idwal Puw, shemasi wao, aliniuliza dukani kama Hebroni siku hizi tunaimba chini ya miavuli. Watu wakacheka. Mimi, niliye shemasi kwa miaka thelathini na mmoja, kuchekwa mbele ya siagi!

Jumatano, 5 Machi
Nimepata! Nane izibwe kwa saruji, ichongwe saba: 1741. Nilipanda ngazi alfajiri. Dada yangu Morfudd, aliyeishika, aliniuliza kama Mungu hajui kusoma tarakimu. Nikamwambia ashike ngazi. Saba imeinama kidogo. Inaonekana ya kale.

Ijumaa, 7 Machi
Aibu. Bibi Prydderch wa jumuiya alikuja, akautazama mlango, si jiwe. Akasema kwa upole kwamba mwaka 1741 wazee walijenga makanisa mithili ya ghala, yenye milango miwili katika ukuta mrefu. Mlango wa upande mfupi, kama wetu, ni wa zama za babu yangu. Kisha akapanda ngazi, akaigusa saba. Kidole kikarudi kijivu. Akanipa pole! Heri angenitukana. Idwal alikuwa barabarani, ameona yote. Hakucheka. Hilo ndilo lililoniumiza.

Jumapili, 9 Machi
Mashemasi wa kwetu huketi chini ya mimbari, wakiwaelekea watu. Basi wote walinitazama usoni nilipoungama. Masikio yaliniwaka. Mchungaji akaniamuru nikae nyuma mpaka Pasaka. Hatua ishirini, na viatu vyangu vililia kila hatua. Paa wamepewa Wabaptisti. Morfudd aliniambia njiani kwamba baba yetu amebahatika kuwa kaburini.

Jumapili, 16 Machi
Niliketi nyuma, kichwa chini. Nastahili. Katika sala ndefu niligundua kwamba kiti hiki kimeegemea ukuta mrefu. Niliupapasa. Chokaa inamomonyoka, mawe yamelegea. Milango miwili ingeingia bila taabu. Nimemwuliza Morfudd kama anaweza kushika nyundo. Amechukua kofia yake, amekwenda kwa Wabaptisti.

Nitaanza na mlango mmoja.