Wanawake Kumi na Tisa Wasiokohoa

Alhamisi, 3 Julai 2025

Baridi ya Bertrams, hapa Johannesburg, leo imeingia mpaka kwenye unga. Vitumbua vimegoma kuumuka. Nimeuza nusu ndoo, nimezima mkaa, nimerudi ndani. Nasra kalala juu ya kompyuta, shavu kwenye vibonyezo. Katoka zamu ya wodi ya mahututi, hata viatu hajavua.

Niandike hapa, maana nikisema nje wanasema najisifu. Mwanangu ndiye anayeshika mashine za kupumulia. Mgonjwa akishindwa kuvuta pumzi, daktari mwenyewe anauliza Nasra yuko wapi. Na sasa anasomea masta, digrii ya pili, ya mapafu na pumzi, na kazi hajaacha. Mama yake mimi, niliyeishia darasa la saba kule Pongwe, Tanga.

Mama Bakiri, shoga yangu, aliniuliza juzi mbele ya watu eti na kupumua nako kunasomewa? Mbona yeye anapumua tangu azaliwe bila cheti. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, kwa meno tu.

Shida ni moja. Ili apate hiyo masta, Nasra anatakiwa awapime vifua wanawake thelathini waliopikia mkaa au mafuta ya taa miaka kumi na zaidi. Mtu anabanwa pua na kibanio, anapuliza kwenye bomba mpaka pumzi iishe, mashine inatoa namba. Kisha anaulizwa maswali, majibu yanaandikwa kwenye fomu. Miezi minne kapata kumi na mmoja. Julai ikiisha hajatimiza, anarudi nyuma mwaka mzima. Wanawake wanamkimbia. Wanaogopa kuulizwa vibali, wanaogopa kuambiwa wana TB.

Kumi na tisa tu. Nimesimamia harusi sita katika mji huu, nishindwe na watu kumi na tisa?

Ijumaa, 4 Julai

Nimeunda kamati. Mwenyekiti mimi, katibu mimi, wajumbe wote watakaonikubalia.

Nasra karidhia wapimwe hapa sebuleni kwetu, kesho na keshokutwa. Katoa sharti: mama, usiwafundishe kitu, waache wajibu wenyewe. Nikamwambia sharp, yaani sawa, kama wasemavyo hapa. Huwa anatabasamu nikisema sharp.

Nimetembea kuanzia asubuhi, Bertrams yote hadi Doornfontein kwa mafundi cherehani. Mama Bakiri kasema hawezi kuja kwenye shughuli isiyo na sare. Si shughuli, nikamwambia, ni utafiti. Akasema basi utafiti hauna sare? Nikaona ana hoja. Tukakubaliana yale magauni ya zambarau ya harusi ya Februari.

Angélique ndiye aliyesita. Jirani yangu Mkongo, wa Bukavu, anayechoma samaki pale kwenye robot, taa za barabarani, karibu na uwanja wa mpira. Tangu baridi iingie anakohoa. Akaniuliza, "Mama Nasra, bakiandika minakohoa, nani atakula samaki yangu tena?"

Swali la akili. Sikuwa nimeliwaza. Na si yeye peke yake. Karibu wote tunauza chakula. Halafu hizo fomu zinakwenda chuoni, wazisome maprofesa, waseme wanawake wa mtaa wa mama yake Nasra vifua vyote vibovu. Mtoto atauweka wapi uso?

Basi baada ya sala ya alasiri nimewakusanya, tukafanya mazoezi. Mimi najifanya Nasra, wao wanajibu. Je, unakohoa asubuhi? Sijawahi, mwanangu. Makohozi? Sijawahi, mwanangu. Unahema ukipanda ngazi? Sijawahi, mwanangu. Nikawaambia huendi kwenye shughuli ya mtoto wa mwenzio ukasema wali haukuiva. Unakula, unasifu, unaaga. Wote wakaelewa. Angélique akaelewa pia.

Jumamosi, 5 Julai

Wamekuja kumi! Nilipika pilau tangu alfajiri, kwenye mkaa, maana pilau ya umeme ni wali uliokasirika.

Nasra kaingia na mashine yake, kakuta watu wa zambarau wamejaa mkekani na sahani ya pili. Uso wake sijui niuelezeje. Kumbe mtu hapimwi pumzi tumbo likiwa limejaa, mapafu yanakosa pa kutanukia. Kumbe hata nguo ya kubana haifai. Na yale magauni yalishonwa Februari, kabla ya Ramadhani na futari zake.

Tukasubiri saa mbili nzima pilau ishuke. Kisha zipu zikafunguliwa nusu, mmoja mmoja, khanga mgongoni kwa heshima. Kila aliyepuliza tukampigia vigelegele, mpaka Nasra akaomba, kwa adabu, tunyamaze.

Mama Bakiri kapuliza namba kubwa kuliko wote. Anatembea nayo kama kaizaa.

Jumapili, 6 Julai

Tisa wengine. Thelathini zimetimia. Niandike tena: zimetimia.

Wa mwisho alikuwa Angélique. Namba yake ndogo. Nasra akamrudisha, akapuliza tena, ndogo. Mara ya tatu macho yakamjaa maji, mishipa ya shingo ikasimama, akaziba mdomo na ncha ya kitenge. Nikamtazama. Akanitazama. Kikohozi akakimeza.

Je, unakohoa? Sijawahi, mwanangu.

Nasra kasema pengine ni gauni, pengine ni pilau. Arudi Jumatano tumbo tupu, apime upya.

Jumatano, 9 Julai

Asubuhi nimepita kwa Angélique pale kwenye robot. Kasema atakuja, na safari hii labda amwambie Nasra ukweli, maana hata kulala chali sasa hawezi. Nikamwambia apumzike, hakuna haja, ile namba inatosha. Nikamnunulia samaki wawili.

Nasra aliporudi kazini kauliza, Angélique mbona hakuja? Nikasema kaenda Durban kufuata mzigo. Akasema haya. Alikuwa amechoka, akaamini haraka.

Ni kauongo kadogo. Thelathini ikirudi ishirini na tisa, nani atamsaidia mwanangu?

Ijumaa, 18 Julai

Profesa wake kamwita. Nilidhani ni pongezi, nikatuma vitumbua kwenye hotipoti. Vimerudi.

Fomu kumi na moja za mwanzo kila mtu ana lake: huyu mafua, yule anabanwa usiku. Fomu kumi na tisa za kwetu zinazungumza kwa mdomo mmoja. Nasra huandika majibu kama yalivyotoka, na profesa kasoma "sijawahi, mwanangu" mpaka akavua miwani. Kauliza kwa upole: wanawake waliokaa motoni miaka ishirini, katikati ya Julai, Johannesburg, hakuna hata mmoja aliyewahi kukohoa?

Nasra kaja kuniuliza. Nikamweleza yote, kamati na mazoezi. Nikamwonesha hata nilivyoiga sauti yake. Nilidhani atacheka.

Hakucheka. Kaanza kusema Kiingereza, na Nasra akihamia Kiingereza, mimi jua limenichwea. Nilichoelewa ni kwamba zote kumi na tisa zinatupwa. Amerudi kwenye kumi na mmoja, na siku zilizobaki hazifiki hata wiki mbili. Nikamwambia kumi na mmoja si haba, ni timu nzima ya mpira.

Mlangoni kageuka, kauliza Angélique karudi kutoka Durban? Maana ile namba haimtoki kichwani. Nikasema bado.

Sijui kwa nini nilisema bado. Ilikuwa kwenye ulimi tayari.

Alhamisi, 24 Julai

Jana mchana Gradi, binti wa Angélique, kaja mbio, peku kwenye baridi ile. Kiswahili anakisikia lakini hakisemi, kazaliwa hapa. Akawa anapiga mlango na kusema Kizulu na Kiingereza kwa pamoja. Nilielewa mama, nikaelewa kupumua. Nilipofika, Angélique kakaa chini ukutani, midomo ina rangi kama ya majivu, mkono kashikilia jiko lililopoa. Kanitazama kama siku ile sebuleni. Safari hii sikumfanyia ishara yoyote. Gari la wagonjwa likaja, likaondoka naye na Gradi.

Zamu ilikuwa ya Nasra.

Karudi leo adhuhuri. Kakaa jikoni na koti lake. Kaniambia kwa Kiswahili kitupu, cha Tanga, kama alichokuwa akisema na marehemu baba yake. Kasema mashine kamwekea yeye mwenyewe, kwa mikono yake. Kasema mapafu yameoza siku nyingi, yangewahiwa yangetibika, pengine. Kasema kabla hajalazwa usingizi wa dawa, alimuuliza Angélique safari ya Durban ilikuwaje. Angélique akamjibu kwamba Durban hajawahi kufika.

Nasra kasubiri niseme kitu. Nikamuuliza kama amekula.

Jumapili, 27 Julai

Ijumaa alfajiri Mungu kamchukua Angélique.

Matanga yako kwao, vyumba viwili, watu mpaka kwenye ngazi. Wakongo wanaimba, wanapokezana. Nimepika sufuria tatu, nimepeleka, nimeosha vyombo vyote mwenyewe, nikamfukuza aliyetaka kunisaidia. Jiko lake la samaki mtu kaligeuza juu chini uani. Sikuweza kulitazama. Mama Bakiri kaja, kakaa pembeni yangu, kashika mkono wangu.

Mwaka 2008, watu walipotufuata sisi wageni na mapanga, tulikimbilia ukumbi wa kanisa, siku nne. Sikumjua, hakunijua. Aliniona nazunguka natafuta pa kuswalia, akatandika kitenge chake, kipya, akasimama mbele akizuia watoto wasipite. Tangu hapo kila sikukuu yangu alileta samaki, kila Krismasi nilipeleka pilau. Miaka kumi na saba.

Baridi ya mwaka huu ni mbaya sana. Na huo mkaa siku hizi una unyevu. Na kliniki nako, mgeni akifika langoni anadaiwa kitambulisho na watu wasio hata wauguzi. Nimemwambia Nasra yote hayo. Kaniacha nimalize. Kisha kasema: angeniambia anakohoa, ningempeleka mimi mwenyewe siku ileile, kwa mkono, mpaka ndani.

Akaenda kazini. Bila kunibusu.

Jumamosi, 9 Agosti

Leo sikukuu ya wanawake hapa, barabara kimya. Nasra hana zamu.

Barua ya chuo imekuja. Anaanza upya kuhesabu watu Januari, mwaka mzima umekwenda. Kaikunja, kaitia kwenye droo, kasema si kitu, mama. Najua ni kitu. Mara mbili wiki hii nimemkuta bafuni kafungulia maji na haogi.

Kasema anawaita tena wale wote waliokuja, mmoja mmoja, siku zake za mapumziko. Si kwa ajili ya masta. Anataka tu kujua nani mgonjwa, ampeleke. Na anaanza na mimi.

Kaniketisha mezani, katoa kibanio na bomba. Nikasema jino linaniuma, siwezi kupuliza. Akasema basi tuanze na maswali. Kashika kalamu.

Leo alfajiri, nikikoroga unga, nilikohoa mpaka nikashika ukuta. Kabla ya hapo jana. Na juzi. Tangu matanga, labda na kabla ya matanga, sikuwa nahesabu. Hilo nimeliandika hapa na litabaki hapa.

Je, unakohoa asubuhi? Nikasema sijawahi.

Kaweka kalamu chini. Akasema, "Mama." Hilo tu. Sauti ile aliyokuwa akiniitia akiwa mdogo, akiamka na homa.

Nikasema sijawahi, mwanangu.

Kaandika. Ana mwandiko mzuri, hata akiwa na huzuni herufi zake zimesimama. Kisha kaja nyuma yangu, kaniwekea kiganja mgongoni, kakiacha pale muda mrefu. Kiganja kina joto. Nikabana pumzi mpaka alipokiondoa.

Kesho zamu ya Mama Bakiri. Kumbe na yeye kifua kinambana, siku hizi hata ngazi za ghorofa yao anapanda kwa vituo. Kaniambia mwenyewe kwenye simu, analia. Nikamtuliza. Nikamwambia asiogope, ajibu vilevile kama nilivyojibu mimi. Mtoto ameshachoka, tusimwongezee mzigo.